Tapi ya Manyoya Niliyoifua kwa Maji ya Moto

Kuna njia moja hapa mjini Baraka, ile inayoshuka mpaka ufukweni mwa ziwa pale bamama wanapofulia, ambayo mi siipiti tena mchana, nazunguka mbali nyuma ya soko na beseni langu kichwani kama mwizi wa kuku, na mtu akiniuliza kwa nini ninazunguka hivyo namwambia huku kuna kivuli. Uongo mtupu. Ni haya tu. Na kwa kuwa najua habari hii mmeshaisikia kwa watu, tena wameitia chumvi na pilipili (eti nilizamisha kondoo mzima, eti nilikaa ufukweni nikamlilia!), afadhali muisikie kwangu mwenyewe jinsi ilivyokuwa, bila kujitetea. Sawa, nitajitetea kidogo.

Mume wangu Asende ana dada mmoja tu, jina lake Apendeki. Apendeki alivuka ziwa wakati wa vita akiwa bado msichana, akakaa kambini upande wa Tanzania miaka mingi, halafu ndege ikamchukua ikampeleka Ulaya, kwenye nchi moja ya baridi ambayo mama mkwe mpaka leo hawezi kulitamka jina lake. Mi nimeolewa nyumbani kwao yeye ameshaondoka zamani, kwa hiyo huyo wifi yangu nilimjua kwa sauti tu, sauti ya kwenye simu yetu ndogo isiyoonyesha picha, nyororo, ya polepole, ya mtu anayechagua maneno kama anayechambua mchele. Picha yake iliyokuwepo ukutani ni ya utoto, meno ya mbele hakuna.

Huko aliko anafanya kazi kwenye shamba la kondoo. Si kondoo kama wetu hawa wa milimani wenye manyoya mafupi kama ya mbuzi. Wale wa huko, alituambia, wananyolewa kila mwaka kama watu, na manyoya yao ni marefu, yamejikunja kama nywele za mtoto mchanga. Basi mama mkwe alipoanguka akavunjika nyonga, akawa mtu wa kulala kuliko kukaa, na mgongo ukaanza kutoka vidonda, Apendeki akachukua manyoya ya kondoo mmoja, akayatandaza juu ya meza, akawa anayamwagia maji ya sabuni upande wa chini na kuyasugua kwa viganja, kila jioni akitoka kazini, mpaka yakashikana yenyewe kwa yenyewe bila uzi, bila sindano, bila ngozi (kondoo mwenyewe yuko hai, anakula majani yake). Chini ikawa nzito kama blanketi nene, juu manyoya yakabaki yameachana, laini, unazamisha vidole vyote. Akamkabidhi msafiri atuletee. Sisi tukaiita tapi, yaani zulia, maana tungeiitaje? Mama mkwe akailalia na vidonda vikafunga. Mi ndiye niliyekuwa nikiviosha, niliviona kwa macho yangu vikifunga, ndiyo maana sina la kujificha nalo.

Apendeki alinifundisha kwenye simu namna ya kuitunza, tena zaidi ya mara moja.

"Wifi, unanisikia? Asubuhi uikung'ute inje, lakini ku kivuli, hapana ku jua. Manyoya uyachanue na kichanuo ya meno mikubwa, polepole. Fasi yenye kuchafuka, upanguse tu na kitambaa ya maji baridi. Kama iko lazima kabisa kuifua, maji baridi, sabuni kidogo, usiisugue, usiikamue. Uilaze tu chini ikauke."

"Ndiyo, wifi," nikajibu.

"Maji moto hapana kabisa. Itashikana, haitafunguka tena."

"Ndiyo, wifi. Nimesikia."

Nilisikia nini? Simu nilikuwa nimeibana kati ya sikio na bega, mikono inachambua sombe, majani ya mihogo ya mboga, na moyoni najiambia: huyu mtu aliyeondoka hapa hajui hata kufunga kikwembe kiunoni anifundishe mimi kufua? Mimi? Mimi ninayefua makanzu ya kwaya ya kanisa letu, yale meupe, mpaka watu wakikaa benchi la mbele wanakunja macho? (Nilikuwa na majivuno, sikatai. Mtu maskini akipata kitu kimoja anachokiweza kuliko majirani, anakivaa kama taji.)

Hata hivyo niliitunza vizuri siku za mwanzo, nikaikung'uta, nikaichana. Halafu habari ikaja kwamba Apendeki mwenyewe anakuja. Baada ya miaka yote hiyo, anakuja! Nyumba ikashikwa na homa. Tukasiliba kuta upya, nikaazima viti, nikafua mapazia, nikasugua masufuria mpaka yakakonda. Asende akaenda Kilembwe kutafuta mchele mzuri na karanga, akasema atarudi kabla mgeni hajafika. Mi nikabaki na mama mkwe, na jicho langu likaangukia tapi.

Ilikuwa imegeuka rangi. Palipokuwa peupe pamekuwa pa manjano, pana alama ya mafuta ya mawese kwenye kona, na harufu ya dawa ya kuchulia. Nikasema, Apendeki akiikuta hivi atasema nini? Atasema mke wa kaka yake ni mchafu. Hapo ndipo nilipoamua, na uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo kama punje ya ulezi: nitaifua leo, nitaifua kabisa, kama ninavyofua mimi.

"Mama, inuka kidogo nitoe tapi, mgeni asiikute na uchafu."

"Iache tu, mwanangu," akasema mama mkwe. "Hiyo harufu yake nimeizoea."

"Kabla jua halijashuka utakuwa umerudishiwa, tena nyeupe pe!"

Hakubisha. Nikamsogeza kwenye godoro tupu, nikaipiga tapi mkunjo, nikatoka nayo.

Nikachemsha maji, sufuria kubwa ya arusi. Nikamimina ndani ya beseni yakiwa bado yanatokota, nikatia sabuni ya unga, nikaona haitoshi nikatia tena, na pale penye mafuta ya mawese nikamwagia javeli, ile dawa kali ya kung'arisha nguo, bila kuichanganya na maji (hapa wenye akili wameshashika kichwa, najua). Halafu maji yalipopungua ukali nikapandisha kikwembe, nikaingia na miguu, nikaikanyaga kama mtu anayekanyaga udongo wa matofali. Nikaimba na nyimbo. Nikaisugua kona kwa kona, upande kwa upande. Nilihisi inakaza chini ya nyayo, inakuwa nene, ngumu, nikafurahi, nikasema uchafu huo unatoka.

Povu ndilo lililonishinda. Kila nikisuuza linazaa jingine, na maji ya kisimani yalikuwa na foleni ndefu ya madumu. Basi nikaibeba kichwani, inanichuruzikia mpaka miguuni, nikashuka nayo ziwani.

Ilikuwa mchana wa kazi, ufukwe umejaa. Bamama wanafua, wengine wanaanika samaki wadogo wa ndagala, mitumbwi imeegeshwa. Mama Sifa, jirani yangu Mrundi anayelima mihogo karibu na shamba letu, alikuwa pale anaosha magunia, akanitazama akauliza:

"Mama Wilondja, umebeba nini? Umechinja?"

"Ni tapi ya mama mukwe. Minaisuuza tu."

Nikaingia mpaka kiunoni, nikaikunjua juu ya maji ili ziwa lenyewe linisaidie kazi. Wimbi moja likaja, si kubwa, na kitu chenyewe kilikuwa kinateleza sabuni kama kambare. Kikaniponyoka. Mi naogelea kama jiwe, kwa hiyo nikabaki nimenyoosha mikono naitazama inaondoka, imevimba, nyeupe-nyeupe, manyoya yanapanda na kushuka juu ya maji, na mtu mmoja pale juu akapiga kelele:

"Kondoo anazama! Eee, kondoo ya watu!"

Ndugu zangu, ufukwe mzima uliinuka. Wenye kufua wakaacha nguo. Batoto wakakimbia wakipiga mayowe. Wavuvi wawili wa Ubwari waliokuwa wanataka kuondoka wakageuza mtumbwi wao, wakapiga kafi kwa nguvu zote, kweli kabisa, kama watu wanaokwenda kuokoa roho, na walipofika mmoja akainama, akakamata kwa mikono miwili, akavuta, akainua juu kitu kisicho na kichwa wala miguu. Akakigeuza upande huu, akakigeuza upande ule.

"Mama!" akaniita kutoka kule majini. "Kondoo yako imebaki manyoya tupu! Nyama iko wapi?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Hapo ndipo jina la Mama Kondoo lilipozaliwa. Nami nikacheka pia, maana ungefanyaje? Ningalijua kwamba hapo bado nilikuwa kwenye sehemu nzuri ya siku, ningalicheka zaidi.

Waliponirudishia, povu limeisha, ndipo nilipoona. Tapi iliyokuwa inamtosha mama mkwe tangu mabega mpaka magoti ilikuwa imekuwa kitu cha kufutia miguu mlangoni. Manyoya yaliyokuwa yameachana yalikuwa yameshikamana vibonge vibonge, magumu, huwezi kupitisha kidole. Nikamwita Mama Sifa, nikamwambia njoo tuivute irudi, akashika upande wake mi nikashika wangu, tukavuta. Haikurudi. Bamama wengine wakaja kusaidia (kusaidia au kujifurahisha, Mungu anajua), wakagawana pande mbili kama mchezo wa kamba wa shuleni, batoto wakahesabu, "Moja! Mbili! Tatu!", tukavuta na kuvuta, mpaka pale nilipomwagia javeli pakalia kraa, pakafunguka tundu ambalo ungepitisha kichwa.

Wakati huo boti kutoka Uvira lilikuwa limefika, hatukulijali. Abiria wanashuka, wanakuja kuangalia watu wanachekea nini. Mmoja wao alikuwa mwanamke mrefu, amevaa kikwembe cha kawaida na ndara, begi mgongoni. Akasimama karibu yangu. Alikuwa anatabasamu.

"Bamama, munavuta nini?" akauliza.

Ningeweza kusema "tapi" nikanyamaza. Neno moja lingetosha. Lakini watu walikuwa wananitazama, nimeshakuwa kichekesho, na mtu akiwa kichekesho anatafuta mwingine wa kumwekea mzigo huo.

"Mama, acha tu!" nikasema kwa sauti, wote wasikie. "Iko tapi ya wifi yangu wa Ulaya. Mutu anatuma kitu hakiwezi hata maji! Halafu anakufundisha kufua ku simu, sawa vile weye ni mutoto. Kama anapenda mama yake sana vile, si angekuja kumutunza yeye mwenyewe? Anatuma manyoya!"

Wakacheka. Walicheka sana. Yule mwanamke hakucheka. Aliinama, akaishika ile tapi katikati taratibu, mi bado nimeng'ang'ania upande wangu, akaigeuza kidogo upande wa chini, akapitisha kiganja juu yake, namna mtu anavyompapasa mgonjwa.

"Maji ilikuwa moto?" akauliza.

"Moto kabisa! Yenye kuchemka!" Nilijibu hivyo, tena kwa sifa.

Akainua macho.

"Kumbe weye njo Riziki," akasema. "Sauti yako minaijua."

Sauti nyororo, ya polepole. Na mi niliijua pia. Jina langu la Riziki pale ufukweni hakuna anayeliita, wote wananiita Mama Wilondja. Mama Sifa, ambaye bado alikuwa ameshika upande wake, aliachia, na mi niliyekuwa nimejiegemeza nyuma nikaanguka, matako ndani ya maji, miguu juu, mbele ya ufukwe wote. Hakuna aliyecheka. Ndiyo iliyoniuma zaidi: kwamba walionicheka kwa kila kitu, hapo walinyamaza.

Alikuwa ametangulia siku moja, alitaka kumshtua mama yake kwa furaha.

Tukapanda nyumbani. Nilibeba begi lake. Tapi aliibeba yeye, alikataa kunipa, akaiweka kichwani ikamchuruzikia mabegani, na nyuma yetu mstari wa batoto, kimya, kama tunatoka kuzika. Nilijaribu kufungua mdomo. "Wifi, mi..." Akasema, "Tufike kwanza kwa mama."

Sitawasimulia jinsi mama na mwana walivyoonana, hilo ni lao. Nitasema tu kwamba nilisimama mlangoni na nguo zangu zilizolowa, sina pa kukaa, na mama mkwe alipomaliza kulia na kumshika binti yake uso, masikio, mikono, akajigeuza kidogo kwenye godoro, akakunja uso kwa maumivu, akauliza:

"Na tapi yangu, imekauka?"

Apendeki hakunitazama.

"Bado, mama. Iko inakauka," akasema.

Siku zilizofuata alijaribu kuiponya. Aliiloweka kwenye maji baridi yenye siki kidogo, akaivuta kwa vidole, kidogo kidogo, si kama sisi tulivyovuta, akailaza juu ya mkeka kivulini, akachambua vibonge kwa kichanuo. Nikakaa naye, nikafanya alichofanya. Asende aliporudi kutoka Kilembwe alikuwa ameshaisikia habari njiani kabla hajafika kwake ("Nasikia umezamisha kondoo," akaniambia, halafu akauona uso wa dada yake akameza maneno mengine). Tapi haikufunguka. Ilivyokauka ikawa ngumu kama ubao wa mtumbwi. Mwishoni Apendeki akachukua mkasi, akakata pembeni kipande kimoja kilichokuwa bado na ulaini, kinachotosha kuwekwa chini ya visigino.

Ni siku hiyo ya mkasi aliponiambia, bila hasira, akiendelea kukata:

"Nilikuwa nataka kuja kila mwaka, Riziki. Sikuwa na makaratasi ya ruhusa mupaka mwaka huu. Ningetoka kule, hawangenirudisha ndani. Mikono yangu tu njo ilikuwa inaweza kuja."

Nikasema nisamehe. Akasema amenisamehe. Lakini alisema kama mtu anayesema asante kwa chakula kisicho na chumvi, na sikuweza kumlaumu.

Kwa mama mkwe nilijipeleka mwenyewe. Nilimwekea kile kipande miguuni, nikapiga magoti, nikaanza maneno yangu marefu. Akanikata.

"Mwanangu, nimevunjika nyonga, sikuvunjika pua. Javeli niliisikia tangu humu ndani. Nikasema, acha afanye, atajifunza." Akakipapasa kile kipande kwa kisigino. "Sikujua ni mgongo wangu utakaokufundisha."

Vidonda vilirudi. Si vyote, lakini vilirudi. Apendeki alikuwa ameshaondoka. Tulimsindikiza mpaka kwenye boti, akamkumbatia kaka yake kwa muda mrefu, mi akanipa mkono, mikono miwili kwa heshima, kama unavyompa mke wa pasta. Sikumuuliza kama atatengeneza nyingine. Kuna maswali ambayo mtu anajinyang'anya haki ya kuyauliza.

Nimeapa mambo mawili, na ninayashika. La kwanza ni la kufua: kitu nisichokijua sikitii maji kabla sijauliza, na nikijibiwa nasikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia. La pili ni gumu zaidi, maana mdomo hauna kifuniko: simsemi tena asiyekuwepo ili watu wacheke. Tapi niliiharibu kwa kutojua, ningeweza hata kusamehewa haraka. Yale maneno niliyasema nikiwa na akili zangu timamu.

Siku hizi namgeuza mama mkwe kwa mikono. Asubuhi upande wa kulia, jua likipanda upande wa kushoto, na hivyo hivyo mpaka jioni, na hata nikiwa shambani natupa jembe narudi mbio kwa sababu ya kumgeuza. Ni mzito kuliko anavyoonekana, kiuno changu kinalia, na nikichelewa mgongo wake unanisema kabla yeye hajasema. Apendeki akipiga simu anasalimia vizuri, anauliza habari za batoto, kisha anauliza mgongo wa mama uko namna gani. Namjibu ukweli, hata siku ambayo ukweli ni mbaya.